Chumvi ya Majivu na Majembe ya Marehemu

Jumatatu, tarehe 2, mwezi wa sita

"Wewe Riziki, chuo kikuu kimekufundisha kuweka sumu ndani ya kikombe cha nkambo, bibi yako?"

Njo vile nilimuambia asubuhi, na hasira bado iko. Kikombe changu cha bati, cha chai. Ndani yake unga wa kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Eti ni nikeli. Eti ameifunga vizuri kwa sashe ya plastiki. Sashe ilikuwa na tobo. Mutoto ana miaka ishirini na sita na bado lazima nimufuate nyuma.

Nilikuwa nachuja majivu. Bidon, dumu la plastiki lenye matobo chini, majani makavu, majivu ya mikungu ya ngazi, michikichi ya mawese, halafu maji polepole. Ukimwaga haraka umeharibu. Maji ya rangi ya chai yanatonya kwenye sufuria, nachemsha mpaka yakauke, inabaki chumvi ya kijivu. Nusu kwa sabuni yangu, nusu kwa wamama wa hapa kartie, mtaani kwetu, ya kulainisha sombe na maharagwe. Miaka arobaini nafanya hii kazi. Hakuna muntu amenifundisha mara mbili.

Nikamuuliza ule uchafu wa kijani ni wa nini. Akakaa kwa kigoda akaeleza. Masista walinisomesha mpaka mwaka wa tatu tu, lakini muntu akieleza vizuri naelewa. Kuna hewa isiyoonekana, inatoka kwa moto, kwa motokari, kwa tanuru ya chokaa, hata kwa pua zetu. Gazi kaboniki. Imejaa juu na inaharibu mvua. Wao wanaitia ndani ya bomba la chuma pamoja na hewa nyingine nyepesi, ambayo wanaitoa kwa maji kwa nguvu ya jua. Hizo mbili hazitakani. Hata ukizipika, zinapitana tu. Lazima kuwe na unga katikati wa kuzikutanisha. Hapo njo zinatoka zikiwa mafuta, sawa petroli ya taa. Na unga wenyewe unabaki.

Nikasema: basi huyo ni mushenga. Anaenda kwa familia hii, anaenda kwa familia ile, ndoa inafungwa, yeye anarudi kwake. Riziki akacheka. Akasema profesa wake hajawahi kueleza vizuri vile. Naamini.

Lakini mushenga wa sumu kwa nyumba yangu, hapana. Kikombe amekipeleka labo, kule maabara ya chuo. Anunue kingine.


Jumatano, tarehe 4

Riziki amerudi macho mekundu. Sikumuuliza. Nilimupa kwanza bukari, ugali wetu, na ndagala za ziwa. Muntu mwenye njaa analia mara mbili.

Profesa anataka watumie nikeli au kobalti. Anasema Kongo imejaa hizo, kwa nini kuhangaika. Kwa nini! Mudogo wangu Kitenge aliosha mawe hayo huko Kolwezi miaka tisa. Alirudi na kifua cha muzee. Tulimuzika kabla ya baba yetu. Hakuna daktari alituambia ni nini, lakini mimi nilifua mashati yake, nilijua ile rangi ilikuwa haitoki.

Riziki anataka chuma. Kutu, ile ile inakula mabati yetu. Haimuui muntu. Lakini kutu peke yake ni mushenga muvivu, inataka kitu kidogo cha kuiamsha, jina lake potasi. Chupa ya labo imeisha. Kuagiza kutoka Lubumbashi, atangoja mpaka ashike fimbo.

Nikamuuliza hiyo potasi inatoka wapi. Akaangalia bidon yangu inatonya. Akaiangalia tena.

"Nkambo. Zamani walikuwa wanaitoa kwa majivu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka yote ya chuo, minerval yote, karo juu ya karo, kumbe dawa iko nyuma ya jiko langu. Nimemujazia kopo.


Alhamisi, tarehe 5

Riziki anatafuta chuma kisichopakwa rangi, akwangue kutu yake. Misumari ya soko haifai, ina kitu juu yake.

Yako majembe mawili ya marehemu mume wangu, Papa Kabwe, nyuma ya mulango, tangu mwaka alipofariki. Alilima nayo upande wa Niemba. Hakuna aliyeyagusa, hata mimi nafagia pembeni. Nimeyatoa. Nimeyagonga mwenyewe, mipini ikachomoka. Riziki alisema hapana Nkambo, si hayo. Nikamuambia beba kabla sijabadilisha akili.

Mipini imebaki nyuma ya mulango.


Jumamosi, tarehe 7

Matone kumi na moja!

Riziki aliyahesabu yakianguka moja moja ndani ya chupa iliyokaa kwenye barafu. Ameleta chupa hapa, ameificha ndani ya kitenge kama mutoto muchanga. Inanuka petroli, ina pia harufu kidogo ya mushumaa. Niliingiza uzi, nikauwasha. Moto wa manjano, kiuno chake bluu. Umewaka mpaka nikamaliza kusema Baba Yetu. Hewa ya kutupwa, jembe la mume wangu, majivu yangu. Nimewaambia watu wa barabara nzima, na wa nyuma pia.

Profesa hakusifu. Alisema tu rudia. Tarehe 19 wageni wanatoka Lubumbashi. Bomba ni moja kwa labo nzima. Wakiona matone, linabaki kwa Riziki. Wasipoona, linaenda kwa wale wa nikeli, na yeye anafuta yote aliyoandika, anarudi Nyunzu kwa mama yake kulima muhogo. Muhogo si mubaya. Lakini sikumulea kwa ajili ya muhogo.

Kila mara anatengeneza unga mupya, kwa hiyo kila mara anataka chumvi mupya. Nimemuambia chumvi si shida. Lala.


Jumanne, tarehe 10

Shida. Majivu ya ngazi yamebaki kidogo. Wamama wanataka chumvi yao, Riziki anataka yake, na wanaokamua mawese wako mbali msimu huu.

Mama Sikuzani, jirani wa ukuta mumoja, amenipa gunia la majivu. Wanatoa kule wanakotengeneza mashua, bandarini. Wanachoma mbao za mashua za zamani. Majivu laini sana, kama unga wa bukari. Nimechanganya nusu kwa nusu. Majivu ni majivu.

Nimelamba kama kawaida. Imeuma ulimi vizuri. Halafu utamu kidogo nyuma. Nikasema hii itawafurahisha.

Nimegawa. Kopo la Riziki nimelijaza kwanza.


Alhamisi, tarehe 12

Hakuna tone.

Nimemugombeza. Alisahau kitu, alikuwa na mawazo ya simu. Anasema hakusahau. Basi ni umeme. Anasema umeme ulikuwako. Basi ni yule rafiki yake anayeshika vyombo na mikono ya mafuta. Akainuka akaenda kuosha sahani.


Ijumaa, tarehe 13

Hakuna tena. Amefungua bomba. Unga umekufa, anasema, kuna kitu kimeuziba.

Kisha ameniuliza, pole pole, na heshima yote: "Nkambo, majivu njo ile ile?"

Nilipandisha sauti mpaka kuku wakatoka jikoni. Unataka kunifundisha majivu, wewe uliyezaliwa juzi? Nimekuosha na sabuni ya majivu haya! Ile ile. Njo nilisema. Ile ile.

Aliondoka bila kula.

Si ile ile. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu.


Jumapili, tarehe 15

Kanisani sikusikia mahubiri. Ulimi wangu tu.

Tulipotoka Mama Sikuzani akanishika mukono, meno yote nje: "Mama Feza, wiki hii chumvi yako umetia sukari? Furaha anakula sombe sahani mbili, eti mutoto wa tumboni njo anaitaka!"

Furaha ni muka-mwana wake. Mimba ya miezi saba.

Nikamuuliza zile mbao za mashua zilikuwaje. Akasema mbao tu. Nikamuuliza rangi. Akasema ndiyo, zilikuwa na rangi, ile nyekundu nzito ya zamani wanayopaka chini ili maji yasiingie. Inawaka vizuri.

Nilikuja nyumbani. Riziki alikuwa anaosha nguo, tangu juzi tunasalimiana tu. Nilisimama mbele ya beseni na nguo za kanisa nikasema yote. Gunia. Nusu kwa nusu. Utamu. Kwamba nilimudanganya.

Nilingoja aseme bomba langu. Nilingoja aseme umeniharibia maisha. Nilikuwa na jibu tayari, mimi sikosi jibu.

Alikausha mikono. Akasema: "Nani amekula?"

Nikahesabu kwa vidole: nyumba saba.


Jumatatu, tarehe 16

Jana labo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tumeenda asubuhi ya leo. Amenipeleka nione kwa macho yangu. Chumvi ya zamani ndani ya maji, tone la dawa: hakuna kitu. Chumvi ya gunia, tone lile lile: manjano. Manjano kama kiini cha yai. Risasi, anasema. Rangi za zamani zina risasi. Inaziba chuma ndani ya bomba. Na ndani ya muntu haitoki haraka, hasa kwa watoto.

Mimi nilifukuza unga wa kijani kwa nyumba yangu nikajisifu. Halafu nikapika sumu ya kijivu kwa sufuria yangu mwenyewe, nikalamba, nikasema tamu, nikagawia majirani.

Kulia nitalia siku nyingine. Nyumba saba. Ninazo kwa kichwa, sihitaji kuandika. Nimevaa kandambili, nimebeba ndoo yenye kifuniko, nimeanza juu ya barabara.

Sijui kuomba. Kwa nyumba ya kwanza nilisema leta ile chumvi, upesi, mbona unaniangalia? Yule mama akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ni mbaya na mimi njo niliitengeneza. Akaniletea. Kwa nyumba ya tatu waliimwaga yote kwa maharagwe yaliyokuwa motoni. Nikayamwaga maharagwe. Tuligombana. Nimewapa maharagwe yangu.

Mama Sikuzani nilimuacha mwisho, juu ya uoga. Amenisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mama Feza anaomba msamaha? Ngoja niite watu, hii hawajaona tangu uhuru!"

Kisha akakumbuka Furaha. Hakucheka tena. Akakaa chini pale pale mulangoni. Akasema gunia ni mimi nililileta. Nikamuambia gunia ulileta, kulamba nililamba mimi. Nyamaza, tumupeleke.

Tumeenda wote watatu kituo cha afya. Muuguzi ameandika, ametoa damu, anasema itapelekwa hospitali kubwa, jibu Jumatatu ijayo. Siku tano za sombe tu, anasema, tusitangulie kuzika. Mimi pia ametoa damu yangu. Furaha alinishika mukono wakati wa sindano yangu. Mimi!

Ndoo Riziki ameifunga, amechora fuvu la kichwa, ameipeleka labo kwa vitu vibaya. Nilitaka kuimwaga shimoni. Amenikataza kama mutoto na nimekubali kama mutoto.


Jumanne, tarehe 17

Pikipiki mpaka upande wa Niemba, kule wanakamua mawese. Kiuno changu kimehesabu kila shimo. Nimekuta mikungu mitupu imerundikwa, wananipa bure, wananishangaa. Magunia mawili, moja mbele ya dereva, lingine mugongoni mwangu. Dereva akaniita mama ya vita. Nikamuambia angalia barabara.

Nimechoma juu ya bati safi, mbali na kila kitu. Mama Sikuzani alikuja na kuni za kusaidia. Nikazigeuza moja moja. Hazina rangi. Hata hivyo nikazirudisha.


Jumatano, tarehe 18

Bidon na sufuria nimezisugua mara tatu. Maji yanatonya. Polepole. Kesho wageni, na bidon haina habari ya wageni.

Riziki alisema, Nkambo, tumimine kidogo zaidi. Nikasema hapana. Ukiharakisha, majivu yenyewe yanapita na maji. Akakaa karibu yangu. Tumengoja wote wawili kama watu wa kuvua.

Ilipokauka nilinyoosha kidole. Mazoea. Akakishika hewani.

Tone la dawa. Hakuna manjano. Tone la pili, kwa sababu nilitaka. Hakuna.

Kutu ya jembe la pili imebaki ya unga mumoja tu. Haitoshi kukosea.


Alhamisi, tarehe 19

Nilivaa kitenge cha Pasaka na nikaenda. Hakuna aliyenialika.

Labo ni chumba kidogo chenye feni inayolalamika. Bomba lenyewe si kubwa kuliko mutwangio wangu. Limefunikwa kama muntu wa homa. Wageni watatu, mumoja mwanamuke mwenye miwani. Profesa alieleza kwa Kifaransa kirefu. Mimi niliangalia chupa.

Saa nzima hakuna. Mikono ya Riziki ilikuwa nyuma ya mugongo, naiona, inashikana.

Tone.

Nikasema asante Yesu kwa sauti, wakageuka wote. Halafu lingine. Tisa. Si kumi na moja, tisa.

Yule mwanamuke akauliza, kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu: majivu ni ya jikoni, mutajuaje leo na kesho ni sawa? Na yale majaribio mawili yaliyoshindwa, ni kwa nini? Profesa akasema ni makosa ya mwanafunzi. Riziki akaangalia chini. Hakujitetea. Alikuwa ananificha mimi.

Nikasimama. Nikasema si yeye. Mimi njo nilichanganya. Nimewaambia mashua, rangi nyekundu, utamu, nyumba saba, yote. Nimewaambia huyu mutoto aliposikia hakuuliza bomba, aliuliza nani amekula. Na yeye njo alinionyesha ile manjano. Sasa chumvi haitoki kwangu, ya bomba wala ya sombe, kabla ya lile tone la dawa. Njo tutajua leo na kesho. Nikakaa.

Yule mwanamuke aliandika muda murefu.

Bomba linabaki kwa Riziki mpaka mwisho wa mwaka. Kila chungu cha chumvi kipimwe na kiandikwe, njo sharti lao. Profesa akasema sawa. Akanipa kiti, nilikuwa tayari nimekaa.


Jumamosi, tarehe 21

Kimya leo. Ziwa limetulia, nguo zinakauka. Riziki analala mchana, mara ya kwanza tangu nimujue. Chupa ya matone tisa iko dirishani. Hatukuiwasha. Inakaa tu.

Nimefagia nyuma ya mulango. Nimefagia mpaka ndani, chini ya mipini.

Furaha amepita kuchukua sabuni. Anasema mutoto anapiga teke. Nimeweka mukono pale. Anapiga kweli. Jibu ni Jumatatu, na mimi sijui kungoja, mimi najua majivu.

Basi sikiliza, Mama Feza, wewe muzee mwenye ulimi. Jumatatu saa moja uwe mulangoni kwa Furaha, umushike mukono mpaka kituo, na usiongee mingi. Ukirudi, toboa bidon mupya, ile iliyochuja majivu ya gunia ifungwe iende labo. Na kidole chako usikitie kinywani.